PETROLI HAIKAI KWENYE FRIJI



Mwenye duka mmoja hapa kijijini aliniuliza swali. Alisema, "Mganga, petroli ninayowauzia vijana wa pikipiki inapungua kwenye chupa kwa sababu ya joto. Nikiiweka kwenye friji pamoja na soda, si itatulia?"

Nilimjibu upesi: usithubutu. Akauliza tena, "Kwani baridi na moto vinapatana wapi?" Swali lake ni zuri. Ndiyo maana leo naandika habari hii.

Kinachowaka si petroli yenyewe bali ni mvuke wake. Mvuke huo huuoni kwa macho, lakini unausikia puani. Maji yakiwa baridi hayatoi mvuke mwingi, nasi tunadhani kila kitu ni hivyo. Petroli sivyo. Hata ikipozwa hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, bado hutoa mvuke wa kutosha kushika moto. Friji ya soda ina nyuzi 4 au 5 juu ya sifuri. Kwa petroli, hapo ni mahali pa joto. Asetoni, ile dawa ya kuondoa rangi ya kucha, nayo haitulizwi na friji.

Sasa fikiria friji yenyewe. Ni sanduku lililofungwa. Kifuniko cha chupa kikilegea kidogo, mvuke hujaa ndani usiku kucha. Na ndani ya friji nyingi za nyumbani mna taa, swichi ya mlangoni, na kifaa kinachowasha na kuzima mashine. Kila kinapowasha au kuzima huweza kutoa cheche ndogo. Cheche hiyo inatosha. Friji hupasuka, mlango hurushwa, na moto humpata aliye mbele yake.

Nilipokuwa mafunzoni nilifika kwenye maabara moja. Mtu alikuwa ameweka chupa ya asetoni katika friji ya kawaida, wala hakukaza kifuniko. Usiku friji ikapasuka. Asubuhi tuliukuta mlango upande wa pili wa chumba. Bahati hapakuwa na mtu. Maabara inayolazimika kupoza vitu vya namna hiyo hutumia friji maalumu, ambayo ndani yake hakuna swichi wala taa. Friji ya dukani si hiyo.

Spiriti ndiyo inayodanganya zaidi. Ikiwa baridi haitoi mvuke mwingi, basi mtu huiweka mwezi mzima bila kuona shida. Lakini umeme hukatika. Friji hupata joto, mvuke huongezeka. Umeme ukirudi, mashine huwaka yenyewe. Na wakati wa giza, ni wangapi hufungua friji huku wameshika koroboi?

Zipo pia friji za mafuta ya taa au gesi. Hizo zina moto unaowaka chini. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kuufikia moto ulio mbali. Usifungue dumu la petroli katika chumba hicho.

Ukisikia harufu ya petroli kwenye friji ya umeme, usifungue mlango. Usichomoe waya, usiguse swichi ya taa. Zima jiko na sigara, fungua madirisha, toa watu nje. Kama swichi kuu iko mbali na chumba hicho, izime huko.

Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usimpake unga, mafuta wala dawa ya meno. Funika kidonda kwa kitambaa safi, umlete zahanati.

Mwenye duka alinisikia. Sasa petroli yake iko katika dumu la chuma lenye kifuniko cha kukaza, ndani ya kibanda chenye kivuli na hewa, mbali na jiko. Chupa za maji na soda ameziacha kabisa, maana mtoto mwenye kiu huweza kuinywa.