Bunduki ya Babu Chini ya Kitanda

Si kila siri ya mume ni nyumba ndogo. Shoga yangu mmoja wa Kimbiji alisogeza kitanda apige deki, akakuta bunduki imeviringishwa kwenye kanga kuukuu. "Ya babu hiyo, mke wangu. Kumbukumbu tu," jamaa akajitetea.

Ilikuwa Mannlicher-Schönauer ya mwaka 1903, bunduki fupi kutoka Austria: mtutu wa sentimita 45, mbao zimeufuata hadi mdomoni, mkono wa kukokia umelala bapa. Nzuri, sikatai! Nyepesi pia, ndiyo maana wawindaji wa zamani waliizimikia, W.D.M. Bell aliua tembo kwa bunduki za aina hiyo. Hemingway, aliyewinda Tanganyika kati ya 1933 na 1934, aliitia Mannlicher kwenye hadithi yake ya 1936: mke anamlenga nyati, risasi inampata mume kichwani. Bahati mbaya au makusudi? Watu wanabishana mpaka leo.

Sasa tatizo. Urithi hauji na leseni. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, leseni ya babu ni ya babu. Wewe unaomba yako. Kuwinda nako kuna kibali chake. Serikali ilitoa msamaha kwa waliosalimisha silaha Septemba na Oktoba 2023, jamaa akauchuna.

"Inatoka hiyo au natoka mimi," shoga akasema. Jumatatu waliongozana kituoni, bunduki wameiacha nyumbani, wakaulize kwanza waifikishe vipi.