Kwa Nini Filamu Moja Hukaa Kwenye Diski Mbili?

Wengi wakisikia "toleo refu" hudhani ni makombo: vipande vilivyokatwa, kisha vikarudishwa ili kasha liuzwe mara ya pili. Kwa The Lord of the Rings dhana hiyo ni uonevu. Mwongozaji Peter Jackson alirudi kwenye uhariri na kuzifuma filamu zake upya, picha za kompyuta zikakamilishwa, na Howard Shore akatunga muziki wa ziada wa kuendana na urefu mpya. Filamu ya kwanza iliingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2001 ikiwa na dakika 178. Mwaka uliofuata ikafika madukani ikiwa na 208. Ya tatu iliongezwa takriban dakika 50, kikiwamo kifo cha mchawi Saruman, ambacho waliokata tiketi mwaka 2003 hawakukiona kabisa.

Urefu huo unahitaji mahali pa kukaa. DVD ya matabaka mawili hubeba gigabaiti 8.5 upande mmoja, na namna inavyosomwa ni ya ajabu. Leza huanza karibu na tundu la katikati na kusoma ikielekea ukingoni. Ikifika huko, lenzi husogea kidogo mno, mwanga ukapenya tabaka la kwanza, ambalo limepakwa wepesi makusudi, na kutua kwenye la pili. Kisha safari hugeuka: leza husoma kutoka ukingoni ikirudi katikati. Ndiyo maana kwenye baadhi ya deki picha huganda kidogo filamu ikiwa katikati. Watu huitoa diski na kuifuta kwa shati. Diski haina kosa lolote. Shati ndilo linaloikwaruza.

Hata matabaka mawili hayakutosha. Kuziingiza dakika 208 na njia zake zote za sauti kungelazimu picha ibanwe hadi iharibike, kwa hiyo filamu ikagawanywa, tena kwa akili: diski ya kwanza inakoma kwenye baraza la Elrond, msafara wa kuipeleka Pete ukiwa umeundwa lakini haujaondoka.

Blu-ray ya toleo refu ilitoka mwaka 2011, na 4K mwaka 2020. Picha ya 4K ni nzuri, lakini Viambatisho, yaani saa nyingi za filamu zinazoonyesha kazi ilivyofanywa, havikutiwa kasheni. Wakusanyaji wanatamani kasha moja lenye kila kitu, na wana haki. Studio inayoacha nje elimu yake yenyewe inafanya uzembe.

Uzembe mwingine ulikuwa kufuli za kanda. Kwa DVD, Kenya na Tanzania ziko kanda ya 5, Uingereza na Dubai kanda ya 2. Mtu aliweza kulipia diski halali London, akafika nayo Mombasa, deki ikaikataa. Afadhali diski za 4K hazina kufuli hiyo.

Tukirudi kwenye Viambatisho, vinamfaa mwanafunzi wa uhariri, fundi wa sauti, mshonaji wa mavazi ya maigizo, mchonga sanamu ndogo, mwalimu wa uandishi wa michezo.

Kwa hiyo ukiwa na kasha la zamani la diski nne, usilitupe kwa sababu umenunua la 4K. Viambatisho vimo humo, diski ya tatu na ya nne.