UKUTA ULIOHARIBIKA USIPAKWE RANGI UPESI

Katika nyumba za zamani za Mombasa na Lamu, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mara nyingi rangi ya ndani hubambuka karibu na sakafu. Wenye nyumba wengi huipaka upya, na baada ya masika hubambuka tena. Kosa si la rangi. Maji hupanda kutoka ardhini yakichukua chumvi. Yakikauka, chumvi hubaki kama unga mweupe na kuisukuma rangi nje.

Basi kwanza itafutwe njia ya maji, kisha ukuta uachwe ukauke kwa majuma mengi, ijapokuwa fundi ana haraka. Rangi ya zamani yaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa hiyo iloweshwe ndipo ikwanguliwe, isipigwe msasa mkavu kamwe, na watoto wasiingie chumbani humo. Ukuta ukisha kukauka tena, chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu. Lipu isikikayo tupu ikigongwa ibomolewe mpaka kwenye jiwe, na mahali pake pajazwe chokaa na mchanga, wala si saruji, kwa maana saruji huzuia unyevu usitoke, nao hupanda juu zaidi. Lipu mpya ikikauka, ipakwe rangi ya chokaa, si ya mafuta.