Wiki za Mwanzo Baada ya Upasuaji wa Kutengeneza Uke: Mwenendo wa Kupona na Lugha ya Maelekezo kwa Mgonjwa

Ikisiri

Upasuaji wa kutengeneza uke huhesabiwa na wengi kuwa umekamilika pale mgonjwa anapotoka katika chumba cha upasuaji. Hata hivyo, matokeo yake huamuliwa kwa kiasi kikubwa na mambo yanayofanyika katika wiki zinazofuata, ambazo sehemu yake kubwa mgonjwa huzipitisha nyumbani, mbali na daktari aliyempasua. Makala haya yanaeleza mwenendo wa kupona katika wiki hizo, sababu za kimwili zinazofanya upanuzi wa uke kuwa wa lazima, na dalili zinazotenganisha hali ya kawaida na hatari. Aidha, yanaonesha kwamba baadhi ya maneno ya Kiswahili yaliyozoeleka katika vituo vya afya yanaweza kumpotosha mgonjwa, na yanapendekeza namna ya kuyarekebisha.

Istilahi kuu: kutengeneza uke, kipanuzi, kovu, maelekezo ya mgonjwa, Kiswahili cha tiba

1.0 Utangulizi

Wanaofanyiwa upasuaji huu si kundi moja. Wa kwanza ni wasichana waliozaliwa bila uke au wakiwa na uke mfupi mno kutokana na sindromu ya Mayer-Rokitansky-Küster-Hauser, ambayo humpata takriban mtoto mmoja kati ya watoto wa kike 4,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Ovari zao hufanya kazi na matiti huota kama kawaida. Mara nyingi tatizo hugunduliwa pale hedhi inapokosa kuanza. Wa pili ni wanawake ambao uke wao umeharibika au kuzibwa na makovu, hasa baada ya uzazi pingamizi uliosababisha fistula. Wa tatu ni wanawake waliobadili jinsia.

Mbinu nazo ni nyingi. Mwaka 1938 Archibald McIndoe na mwenzake Banister walieleza mbinu ya kupandikiza ngozi juu ya umbo lililowekwa katika nafasi mpya ya uke. Katika mwaka huohuo Robert Frank alieleza njia ya kupanua uke hatua kwa hatua bila kisu, na hadi leo njia hiyo ndiyo inayopendekezwa kwanza kwa wasichana waliozaliwa bila uke. Barani Afrika, Georges Burou alianza mwaka 1956 jijini Casablanca, Moroko, kutumia ngozi ya uume iliyopinduliwa kwa ndani, mbinu iliyokuja kuenea duniani. Mbinu nyingine hutumia kipande cha utumbo mpana. Pamoja na tofauti hizo, wagonjwa hawa wote hukutana na swali lilelile baada ya kisu: je, nafasi iliyotengenezwa itabaki wazi?

2.0 Sababu ya uke mpya kusinyaa

Kila jeraha lina tabia ya kujifunga. Chembe zinazojenga kovu huvuta kingo za jeraha zikaribiane, na kwa jeraha la mkononi au mguuni mvuto huo ni msaada. Katika uke uliotengenezwa, mvuto huohuo ni hatari, kwa kuwa mwili hauwezi kutofautisha kati ya uwazi uliokusudiwa na uwazi wa jeraha. Ngozi iliyopandikizwa husinyaa, hasa katika miezi ya mwanzo, na misuli ya sakafu ya nyonga huongeza mkazo kutoka nje. Uke uliotengenezwa kwa utumbo hausinyai kwa kiwango hicho, lakini mlango wake unaweza kubana pale utumbo ulipoungwa na ngozi.

Kipanuzi ni kifaa kigumu na laini kwa nje, chenye umbo la mche wa duara na ncha ya mviringo, kinachowekwa ndani ya uke kwa muda maalumu ili kovu likomae likiwa limenyooshwa. Kazi yake ni sawa na ya gango linalozuia mkono ulioungua usijikunje. Uke ukishabana, kuurudisha ni vigumu, na upasuaji wa pili hufanyika juu ya makovu ya ule wa kwanza.

3.0 Wiki ya kwanza

Katika siku tano hadi saba za mwanzo, mgonjwa kwa kawaida huwa na shashi au umbo maalumu ndani ya uke. Umbo hilo huibana ngozi mpya dhidi ya tishu zilizo chini yake ili ishike na kupata damu. Huwa pia na mpira wa mkojo, kwa sababu uvimbe unaweza kuziba njia ya mkojo. Mwendo wake hutegemea mbinu iliyotumika: baadhi ya wagonjwa hulazwa bila kuinuka kwa siku kadhaa, na wengine huanza kutembea mapema. Kwa anayelala muda mrefu, miguu huchezeshwa kitandani ili damu isigande katika vena.

Choo kigumu ni adui mkubwa wa wiki hii. Ukuta unaotenganisha uke mpya na puru ni mwembamba, na kujikamua huongeza shinikizo juu ya nyuzi. Ndiyo maana mgonjwa hushauriwa kunywa maji ya kutosha na hupewa dawa za kulainisha choo, hasa anapotumia dawa kali za maumivu, ambazo nyingi hufunga choo. Uvutaji wa sigara huzuiwa, kwani hupunguza damu inayofika kwenye ngozi iliyopandikizwa.

Shashi inapotolewa, mgonjwa hufundishwa kutumia kipanuzi mbele ya muuguzi, na baada ya mpira kuondolewa huhakikishwa kwamba anakojoa mwenyewe. Mkojo kutawanyika au kwenda upande ni jambo la kawaida mwanzoni na hupungua uvimbe unaposhuka.

4.0 Wiki ya pili hadi ya kumi na mbili

Kwa walio wengi, upanuzi hufanyika mara mbili au tatu kwa siku, kila mara kwa dakika 10 hadi 30, kwa kilainishi chenye asili ya maji. Baada ya mbinu ya McIndoe, umbo linaweza kuvaliwa karibu muda wote kwa miezi kadhaa. Ratiba ya daktari aliyepasua ndiyo inayofuatwa. Kipanuzi huoshwa kwa sabuni na maji safi kabla na baada ya kutumika, huingizwa polepole wakati mgonjwa amelegeza misuli na kupumua taratibu, na hakisukumwi kwa nguvu.

Kwa takriban wiki sita mgonjwa haruhusiwi kubeba ndoo ya maji, mzigo wa kuni au mtoto mzito. Kujamiiana huahirishwa hadi daktari atakaporuhusu, kwa kawaida baada ya wiki nane hadi kumi na mbili. Kuketi muda mrefu huumiza, hivyo safari ya basi ya siku nzima mara tu baada ya kuruhusiwa haifai.

Changamoto kubwa zaidi huwa ni faragha. Mgonjwa anayelala chumba kimoja na ndugu au watoto anahitaji mahali pa kujifungia mara tatu kwa siku, maji safi, na mahali salama pa kuhifadhia vifaa. Akikosa hayo, ataruka zamu moja, kisha siku nzima, mpaka kipanuzi kinakataa kuingia. Hofu ya kugundulika, ambayo ni nzito zaidi kwa mwanamke aliyebadili jinsia na kwa msichana aliyefichwa hali yake na familia, humfanya pia achelewe kurudi kituoni.

5.0 Hali ya kawaida na dalili za hatari

Uvimbe, michubuko, ganzi katika baadhi ya sehemu, matone ya damu baada ya upanuzi, na majimaji ya rangi ya kahawia au manjano ni mambo yanayotarajiwa katika wiki za mwanzo. Nyuzi chache zinaweza kuachia mahali padogo, na jeraha likajifunga lenyewe. Nyama nyekundu laini zinazotoa damu zikiguswa zinaweza kuota ndani ya jeraha. Hizi hutibiwa kituoni, aghalabu kwa nitreti ya fedha.

Mgonjwa anapaswa kurudi hospitalini bila kuchelewa iwapo ana homa ya nyuzi 38 au zaidi, damu inayolowesha pedi mfululizo, usaha wenye harufu kali, kushindwa kukojoa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, au ngozi kugeuka nyeusi. Gesi au kinyesi kupita ukeni ni dalili ya fistula kati ya uke na puru. Katika hali hiyo upanuzi husimamishwa hadi daktari amwone.

6.0 Lugha ya maelekezo

Maneno manne yanastahili kuangaliwa upya. La kwanza ni *kupona*. Katika matumizi ya kila siku, aliyepona hana tena haja ya dawa. Mgonjwa ambaye jeraha limefunga na maumivu yamekwisha atajihesabu amepona na kuweka kipanuzi kando, wakati kovu bado linasinyaa. Inafaa kutenganisha *jeraha kufunga* na *kovu kukomaa*, na kueleza kwamba la pili huchukua miezi.

La pili ni *uchafu*, linalotumika kwa majimaji yoyote ya ukeni. Anayeambiwa anatoa uchafu atajisafisha, pengine kwa sabuni kali ndani ya jeraha. *Majimaji ya jeraha* hueleza jambo bila kumshutumu mtu.

La tatu ni *sehemu za siri*. Tafsida hii ina adabu yake, lakini huunganisha njia ya mkojo, uke na njia ya haja kubwa kuwa kitu kimoja. Mgonjwa asiyekuwa na neno kwa kila njia hawezi kuripoti kwamba kinyesi kinapita pasipostahili.

La nne ni *saa*. Maelekezo yaliyotafsiriwa kutoka hospitali za nje yanaweza kuandika saa 8:00 kwa kukusudia saa mbili asubuhi. Msomaji akaielewa kuwa ni saa nane mchana. Kuandika *asubuhi, mchana na usiku* huondoa utata huo.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Ujuzi unaohitajika haupo mbali. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, CCBRT jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Fistula ya Addis Ababa zimehudumia kwa miaka mingi wanawake wenye majeraha ya uke, kibofu na puru. Wauguzi wenye uzoefu wa fistula tayari wanajua kutunza mpira wa mkojo, kutambua uvujaji na kuzungumza na mgonjwa bila kumwaibisha.

Kwa hiyo, inapendekezwa kwamba mgonjwa asiruhusiwe kurudi nyumbani kabla hajatumia kipanuzi mwenyewe mbele ya muuguzi. Apewe vipanuzi vyake pamoja na karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili fasaha. Apewe barua kwa kituo kilicho karibu naye inayotaja mbinu iliyotumika na dalili za hatari. Na wizara za afya zishirikiane na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki katika kusanifisha istilahi zake. Muuguzi wa zahanati anaweza kuwa hajawahi kukutana na upasuaji huu, na hahitaji kujua historia yote ya aliye mbele yake. Anachohitaji ni kujua jeraha liko wapi, linapaswa kuwaje wiki hii, na lini ampeleke mgonjwa mbele.