Bunduki za Tembo na Uzito wa Risasi

Katika historia ya bunduki za kuwindia, upana wa mtutu ulikuwa dawa ya udhaifu wa baruti kabla haujawa fahari ya mwenye mali. Baruti nyeusi, ambayo ni mchanganyiko wa shura, salfa na makaa, haikuweza kuisukuma risasi nzito kwa kasi inayozidi sana mita 400 kwa sekunde, hivyo fundi aliyetaka kupenya fuvu la tembo hakuwa na njia ila kuongeza uzito wa risasi yenyewe. Bunduki hizo zilipewa namba kulingana na idadi ya matufe ya risasi, yenye upana wa mtutu, ambayo yangetimiza ratili moja, yaani gramu 453. Kwa hiyo bunduki ya namba 4, ambayo tufe lake lilikaribia robo ratili, ilikuwa kubwa kuliko ile ya namba 8.

Waliozitumia walilipa gharama yake mwilini. Samuel Baker, mpelelezi Mwingereza aliyesafiri katika nchi za Nili miaka ya 1860, alikuwa na bunduki iliyorusha kombora la nusu ratili, naye mwenyewe aliiogopa kiasi cha kuifyatua kwa nadra sana. Frederick Selous, ambaye kaburi lake liko Behobeho nchini Tanzania alikouawa vitani Januari 1917, aliwinda kwa bunduki za namba 4 ujanani mwake kusini mwa Afrika, na baadaye akalalamika kwamba mateke yake yalimharibia utulivu wa mishipa na shabaha pia.

Teke la bunduki ni kanuni ya maumbile, wala halitokani na ufundi mbovu, kwa sababu msukumo unaoipeleka risasi mbele huirudisha bunduki nyuma kwa kadiri ileile. Risasi ya .600 Nitro Express, iliyotoka Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, ina kipenyo cha takriban milimita 15.7 na uzito wa gramu 58, na msukumo wake ni takriban mara 6 ya ule wa risasi ya AK-47. Ndiyo sababu bunduki ya aina hiyo hutengenezwa nzito kwa makusudi, kwani uzito wake hupunguza kasi ya kitako kinapolipiga bega.

Ajabu ni kwamba wakati huo haja ya upana huo ilikuwa imekwisha kupungua. Mwaka 1898 kampuni ya Rigby ya London ilitoa risasi ya .450 iliyotumia kodaiti, baruti isiyotoa moshi mwingi na yenye nguvu zaidi, ambayo iliirusha risasi nyembamba ya gramu 31 kwa zaidi ya mita 600 kwa sekunde. Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda, alikwenda mbali zaidi: alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo ulipo, kisha akaua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 tu, hesabu ambayo msomaji wa leo hawezi kuifurahia.

Hata hivyo, Bell alikuwa na utulivu ambao wawindaji wengi hawana, na risasi nzito ina faida moja ya kweli: tembo anaposhambulia kwa karibu, inaweza kumpumbaza hata ikiukosa ubongo. Kwa sababu hiyo kanuni za Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii huruhusiwa kwa kibali, zinadai .375, takriban milimita 9.5, kuwa kipimo cha chini kwa wanyama hatari kama tembo na nyati, wakati Kenya ilipiga marufuku uwindaji huo mwaka 1977.

Kinachozidi hapo ni anasa zaidi kuliko haja. Bunduki ya .700 Nitro Express, iliyotengenezwa na Holland & Holland mwaka 1988 kwa ombi la mteja Mmarekani, hurusha risasi ya gramu 65, na hakuna mnyama aliye hai leo ambaye .375, katika mikono ya mwenye shabaha, haimtoshi.