Walimu Wasio na Shahada

Tarehe 24 Oktoba 1968, wanazuoni watatu wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi waliwasilisha waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Walikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye wakati huo bado akiitwa James Ngugi, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba. Hawakuwa na ugomvi na Shakespeare. Walichohoji ni mahali pa kuanzia: kwa nini mwanafunzi wa Nairobi aanze safari yake ya elimu London, kisha ndipo arudi nyumbani, iwapo muda utamtosha? Walitaka idara ya fasihi ambayo Afrika ingekaa katikati, na fasihi simulizi wakaipa nafasi ya mbele.

Waraka huo hukumbukwa zaidi kwa yale uliyobadilisha katika orodha ya vitabu. Badiliko kubwa zaidi lilikuwa katika namna ya kufundisha. Riwaya unaweza kuisoma ukiwa umeketi maktabani. Ngano, vitendawili, nyimbo za jando na mbolezi zina wenyewe, na wenyewe wako vijijini. Anayetaka kuzisoma hana budi kufunga safari, kuomba ruhusa, kuketi, kusikiliza, kurekodi, kisha kuuliza tena pale asipoelewa. Hivyo utamaduni ulipoingia kwenye mtaala, darasa lenyewe lilitoka nje ya kuta zake. Mambo haya mawili, kujifunza kwa uzoefu na kuupa utamaduni wa jamii nafasi chuoni, yalishikana tangu mwanzo, na kila moja linapotengwa na mwenzake hudhoofika.

Nadharia ya kujifunza kwa uzoefu ina historia yake. Mwaka 1938 mwanafalsafa Mmarekani John Dewey alionya kwamba si kila tukio humwelimisha mtu. Mengine humharibu, humzoesha kufanya jambo bila kufikiri. Mwaka 1984 David Kolb, naye Mmarekani, aliupanga ujifunzaji huo katika mzunguko wa hatua nne: mtu hupitia jambo, hulitafakari, hutoa kanuni kutokana nalo, kisha huijaribu kanuni hiyo katika hali mpya.

Mfano ni mwanafunzi wa kilimo anayefika shambani na kukuta mahindi na maharage yamechanganywa. Darasani amezoea mistari ya zao moja. Akiishia kuandika katika daftari lake kwamba mkulima hafuati kanuni, amesafiri bure. Akiuliza, ataambiwa kuwa maharage huiva mapema na kuilisha familia wakati mahindi bado mabichi, na mvua ikikatika huenda zao moja likaokoka. Yeye mwenyewe ataongeza alichosoma: mikunde huingiza naitrojeni ardhini. Sasa ana kanuni inayosimama kwa miguu miwili, wa mkulima na wa maabara, na anaweza kuipima kwa kupanda vitalu vyake mwenyewe.

Mzunguko wa Kolb, hata hivyo, unamzungukia mwanafunzi peke yake. Haumtaji mkulima. Hausemi ni nani aliyechagua swali, mazungumzo yalikuwa kwa lugha gani, wala mwenye shamba alibaki na nini mwanafunzi alipopanda basi kurudi chuoni. Vyuo vya Afrika Mashariki vimelazimika kuyajibu maswali hayo kwa vitendo, na majibu yao yanastahili kusomwa sawa na vitabu vya nadharia.

Mwalimu Nyerere aliligusa tatizo hili mapema. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alilalamika kuwa shule zilikuwa zikiwafundisha vijana kwamba maarifa yote yamo vitabuni au kwa waliosoma, hata wakaanza kuwadharau wazazi wao. Mwaka huohuo Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilianza kufundisha sanaa za maonyesho, fani iliyokuja kuwa uwanja mzuri wa kujaribu njia nyingine.

Kupeleka sanaa kwa wananchi hakukuwa jambo geni. Makerere ilikuwa na kundi la maigizo la kusafiri tangu 1965, likiongozwa na David Cook, na Nairobi ikaanzisha lake mwaka 1974. Wanafunzi walizunguka mijini na vijijini wakiigiza bila kiingilio, na lugha za wenyeji zilipewa nafasi. Lakini mchezo ulifika kijijini ukiwa umekamilika. Wanakijiji walikuwa watazamaji. Walicheka, walipiga makofi, na lori likaondoka.

Dar es Salaam ilikwenda hatua zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na wenzao walianza kufanya kazi na vijiji kwa utaratibu uliogeuza mambo, na Malya, katika Wilaya ya Kwimba mkoani Mwanza, ni miongoni mwa vijiji vya kwanza. Wataalamu hawakuja na mchezo. Walikuja na masikio. Hatua ya kwanza ni utafiti unaofanywa pamoja na wanakijiji kuhusu matatizo yao. Ya pili ni kuyachambua: lipi ni chanzo na lipi ni tokeo. Ndipo wenyeji na wageni hutunga onyesho kwa kutumia sanaa iliyopo hapo hapo, iwe ngoma, majigambo, kichekesho au utambaji wa hadithi. Onyesho likiisha, mjadala huanza, nao ndio moyo wa kazi nzima. Mwisho huwa ni kuamua nani afanye nini na kufuatilia kama amekifanya.

Huko Malya mazungumzo yaligusa mambo mazito: wasichana kupata mimba kabla ya kuolewa, na vijana kukosa shughuli ya kuwaingizia kipato. Ni mambo ambayo kijana hayasemi mbele ya wakubwa mkutanoni. Ngoma ina ruhusa ambayo mkutano hauna. Mwimbaji husema kwa wimbo asichoweza kukisema kwa mdomo mtupu, na mzee husikia bila kuona amevunjiwa heshima. Mwanafunzi wa maigizo aliyeishuhudia kazi ya namna hiyo amejifunza kitu kuhusu hadhira ambacho kitabu kingemweleza nusu tu. Mlama aliyaweka mafunzo hayo, pamoja na ya vijiji vingine, katika kitabu kilichotolewa Uppsala, Sweden, mwaka 1991, na kazi hiyo bado ni rejea kwa wanaosomea sanaa na maendeleo.

Upande wa Kenya, kisa cha Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, kinaonyesha jinsi elimu inavyoweza kutiririka kutoka kijijini kwenda chuoni. Mwaka 1976 mwanamke wa kijiji hicho alimwendea Ngũgĩ nyumbani kwake akimtaka asaidie katika kituo chao cha utamaduni. Ngũgĩ alikuwa mwalimu wa fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwenzake, Ngũgĩ wa Mĩriĩ, alikuwa pia akifanya kazi chuoni hapo na aliongoza madarasa ya kisomo cha watu wazima kijijini. Pamoja waliandika mchezo wa kuigiza, Ngaahika Ndeenda, kwa Kigikuyu.

Mazoezi yalifanyika hadharani. Yeyote aliyepita aliweza kusimama, kutazama na kusahihisha. Wazee waliwakatiza waandishi: mzee hazungumzi hivyo, wimbo huo hauimbwi namna hiyo. Sehemu ya harusi ilihitaji gĩtiiro, wimbo wa kujibizana ambao wanawake wakongwe ndio walioujua barabara, nao wakawa wakufunzi. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu walieleza kazi yao na hesabu ya ujira wao kwa undani ambao mwandishi asingeupata kwingine. Wasomi wa chuo walijikuta wanajifunza upya lugha yao ya kuzaliwa, wakiwa mbele ya watu ambao baadhi yao ndio kwanza walikuwa wamejua kusoma.

Onyesho lilianza Oktoba 1977 na kupigwa marufuku mwezi uliofuata. Desemba, Ngũgĩ alitiwa kizuizini, na mwaka 1982 jengo la wazi ambalo wanakijiji walilijenga kwa mikono yao likabomolewa. Elimu inayowapa watu sauti huwa na gharama, na anayeipendekeza ni vyema alijue hilo tangu mwanzo.

Mbegu hizo zilizaa kwingine. Mwaka 1996 idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzisha mradi wa Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari huchunguza vikwazo vya masomo yao, huviigiza na kuvijadili na walimu. FAWE, mtandao wa wanawake waelimishaji wa Afrika, ukaueneza katika nchi nyingine za Afrika. Katika tiba, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, tangu miaka ya 1990 kimewapeleka wanafunzi wake kwenye vituo vya afya vijijini ikiwa sehemu ya masomo yenyewe. Daktari mtarajiwa hujifunza kuwa swali kuhusu chakula, choo au ndoa lina namna yake ya kuulizwa, na kwamba akilikosea, jibu atakalolipata litakuwa la adabu tu, si la kweli.

Leo karibu kila chuo kina mafunzo kwa vitendo, yale ambayo wanafunzi huyaita fildi. Ubaya ni kwamba kwenda fildi kumegeuka rahisi kuliko kujifunza fildi. Mwanafunzi hujaza daftari la kumbukumbu, msimamizi hufika na kusaini, alama hupatikana. Utamaduni nao hutengewa siku yake: vazi la asili, ngoma ya kuwakaribisha wageni, picha. Kesho yake mhadhara unaendelea kana kwamba wachezaji wale hawakuwa na lolote la kufundisha.

Marekebisho yanawezekana hata kwa mhadhiri mwenye darasa la mamia na bajeti nyembamba. Wanafunzi wake tayari wanatoka Mtwara, Kigoma, Lamu na Busia. Likizo inaweza kuwa fildi, kama swali limeandaliwa vizuri: majirani hugawanaje maji wakati wa kiangazi, mgogoro wa mpaka wa shamba husuluhishwaje, dawa ipi hutumika nyumbani kabla ya kwenda zahanati. Mahojiano yafanywe kwa lugha ya mhojiwa. Ripoti iandikwe kwa lugha ya chuo, lakini muhtasari wake urudishwe na kusomwa kwa wale waliotoa maarifa, kwa lugha wanayoielewa, nao waruhusiwe kuusahihisha kama wazee wa Kamĩrĩĩthũ walivyofanya. Masahihisho yao yaambatishwe, na yahesabiwe katika alama. Mwanafunzi akijua kuwa kauli ya bibi yake itamwongezea au kumpunguzia alama, atamsikiliza kwa namna nyingine kabisa.

Limebaki suala la fedha. Bajeti ya fildi huwa na nauli ya mwanafunzi na posho ya msimamizi. Iongezwe hapo stahili ya mkulima, mkunga au manju aliyeacha shughuli zake kuwafundisha wageni wiki nzima, na jina lake liandikwe kwenye ripoti, kwa ridhaa yake, mahali panapoandikwa majina ya walimu.