Sikio la taarab na ramani ya vidole katika gitaa

KIJANA wa Mtangawanda, bandari ya kisiwa cha Pate ambako vyombo kutoka Lamu hushusha abiria, hukulia katika pwani yenye udi na taarab. Akishika gitaa, huenda sikio likamwambia hili na ala ikamwambia lile. Ni rahisi adhani kwamba hana kipaji, kumbe sababu imo katika shingo ya ala yenyewe.

Shingo ya udi ni laini, haina kizuizi, na mpigaji huitafuta sauti kwa ncha ya kidole. Ndivyo alivyopiga marehemu Zein l'Abdin, bingwa wa udi aliyezaliwa Lamu mwaka 1939 na kufariki 2016. Shingo ya gitaa, kinyume chake, hukatizwa na vyuma vyembamba viitwavyo freti. Kutoka freti moja hadi inayofuata ni nusu toni, na freti 12 hukamilisha oktavo.

Kwa hiyo mwanafunzi wa gitaa huanza kwa kugawa kazi: vidole vinne, freti nne. Ili kupiga skeli kubwa ya G, kidole cha kati hukanyaga freti ya 3 ya uzi mnene, na cha mwisho freti ya 5. Katika uzi wa tano hukanyagwa freti za 2, 3 na 5. Katika wa nne, za 2, 4 na 5. Hapo sauti nane zimetimia bila mkono kuhama.

Apejio ni mifupa ya skeli hiyo: sauti ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya nane, zikipigwa moja baada ya nyingine badala ya kwa pamoja. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alionyesha utajiri wa kodi zilizofumuliwa hivyo kwa kidole gumba na cha shahada tu.

Faida ya umbo hilo ni kwamba huhamishika. Mkono ukisogea freti mbili mbele, skeli ya G huwa ya A, na vidole havibadiliki. Lakini upo mtego: nyuzi hupishana kwa freti tano, isipokuwa wa tatu na wa pili, ambao hupishana kwa nne. Umbo likivuka hapo, lazima lisogezwe freti moja. Anayekariri umbo bila kujua majina ya sauti hupotea papo hapo.

Je, nyimbo za pwani zitaenea katika ramani hiyo? Baadhi zitaenea. Maqam ya hijazi huanza kwa nusu toni, kisha toni moja na nusu, kisha nusu toni, freti zinaitosha. Nahawandi na kurdi nazo zinaingia. Rasti na bayati hazienei, kwa kuwa zina sauti zinazoangukia katikati ya freti mbili. Fundi huzikaribia kwa kuuvuta uzi pembeni ili sauti ipande kidogo.

Kwa sababu hiyo, mwanafunzi wa Pate hana haja ya kulitupa sikio lake. Ajifunze umbo polepole, ataje kila sauti kwa jina, kisha aimbe kabla ya kukanyaga. Freti humwonyesha sauti zilizopo. Sikio humkumbusha zile zilizoachwa nje.